Kitani cha Kweli, Upanga wa Mbao: Namna ya Kuvalia Tamasha la Zama za Kati

Kabla hujanunua hata shubiri moja ya kitambaa, chagua mji na mwaka. Usiseme tu "zama za kati," maana hizo ni miaka elfu moja nzima. Sema Kilwa, 1331. Sema London, 1511. La sivyo sema wazi kwamba wewe ni kichimbakazi wa msituni usiye na mji wala mwaka. Hapo mjadala umekwisha, nenda kanunue mabawa.

Mie ni fundi cherehani. Nimezaliwa Kilwa Masoko, kazi nimejifunzia Kariakoo, na sasa ni mwaka wa 11 niko Minnesota, napunguza suruali za watu na kutia zipu mpya kwenye makoti ya baridi. Mambo ya matamasha haya aliniingiza mtoto wa dada yangu anayesoma chuo huku. Kwa ambaye hajayaona: ni uwanja mkubwa wenye vibanda vya mbao, majani makavu chini, farasi, wanaume wenye deraya wanaoangushana kwa mikuki, na malkia anayepita na wapambe wake. La kwanza hapa Marekani lilifanyika California mwaka 1963, la huku kwetu likaanza 1971. Kwa jina ni la Renaissance, yaani Uingereza ya karne ya 16. Kwa macho, utamkuta Viking wa karne ya 9 yuko kwenye foleni ya choo nyuma ya haramia wa karne ya 18, na mbele yao mtoto wa miaka sita aliyevaa joka.

Sasa kwenye mchanganyiko huo, ya nini kuhangaika na usahihi? Nitakwambia kwa nini mie nahangaika, na wapi nimeacha kuhangaika.

Mwaka wa kwanza nilijishonea gauni la mahameli jekundu, mahameli ya poliesta, na joho juu yake lenye bitana ya satini, poliesta vilevile. Lilikuwa gauni zuri kwenye kioo. Siku ile ya Agosti joto lilifika nyuzi 33. Ilipofika saa saba mchana nilikuwa nimekaa chini ya mti, miguu kwenye ndoo ya mtu nisiyemjua, mtoto wa dada ananipepea kwa ramani ya tamasha. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, kavaa kitani tabaka mbili kutoka shingoni mpaka kwenye kifundo cha mguu, anakula tufaha, hana hata jasho. Hapo ndipo nilipoingia kwenye historia, kupitia kwapani. Poliesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941. Watu wa kabla yake walivaa kitani, pamba, sufu na hariri, na mavazi yao marefu yanavalika juani kwa sababu nguo inapumua. Ukikopa umbo la vazi lao bila kukopa kitambaa chao, umejishonea jiko la mkaa.

Basi pesa zako zikiwa chache, zitie zote kwenye kitambaa. Kitani cha uzito wa kati nakipata kwa dola 9 hadi 12 yadi, nikisubiri punguzo. Kifue kwa maji ya moto mara mbili kabla ya kukata, maana kitani kinaruka vibaya sana. Nimewahi kuona kanzu ya mteja ikitoka kwenye mashine imekuwa fulana.

Kukata ndiko raha ilipo kwetu sisi wa Pwani, kwa sababu tunakujua tayari. Mwaka 1936 huko Sweden, kwenye matope ya Bocksten karibu na mji wa Varberg, waliokota mwili wa mwanamume wa karne ya 14 na nguo zake za sufu zikiwa nzima nzima. Mchoro wa ile kanzu yake wapenda mambo haya wanapeana kama watu wanavyopeana mapishi. Nilipouona nilicheka peke yangu dukani. Kipande kirefu cha mbele na nyuma, halafu vipande vya pembetatu vilivyoingizwa ili nguo ipanuke chini. Nikajisemea, hii si badani na taharizi? Hesabu ile ile aliyonifundisha fundi wangu wa kanzu: kitambaa ni ghali, kwa hiyo unakata vipande vilivyonyooka, hutupi kitu.

Pima kifua, gawa kwa mbili, ongeza sentimita 6 za kupumua na 3 za mishono: huo ndio upana wa badani. Mwenye kifua cha sentimita 100 anakata badani ya 59, mbele moja, nyuma moja. Taharizi mbili za ubavuni zianze kiunoni, kila moja iwe na upana wa 40 chini. Ukitaka nguo icheze unapotembea, weka nyingine mbele na nyuma. Mikono ni mistatili inayopungua kuelekea kiganjani. Na tafadhali usiruke kikwapa. Ni kimraba cha sentimita 12 tu, kinageuzwa kikae kama almasi chini ya mkono, lakini bila hicho ukiinua mkono kumpungia malkia nguo yote inapanda mpaka magotini, na mshono wa kwapa unachanika kabla ya jua kuzama. Wageni wengi wanaoniletea nguo za dukani nizirekebishe, tatizo lao ni hilo tu, nguo haina kikwapa.

Cherehani tumia. Mishono mirefu ya ndani piga kwa mashine bila haya, haionekani. Ile inayoonekana, yaani shingo, pindo na ncha za mikono, malizia kwa sindano. Watu wa matamasha wana kipimo chao cha futi kumi: kitu kikionekana sawa kwa mtu aliye futi kumi kutoka kwako, ni sawa. Mie nakikubali kipimo hicho kwa nguo, nakiongezea jambo moja tu. Kwenye foleni ya chakula watu hawako futi kumi, wako shubiri mbili, na kinachowapata kwanza ni tundu la kamba.

Hapa nipe nafasi kidogo. Gauni la Ulaya la kufunga kwa kamba lina matundu mgongoni au ubavuni. Wengi hugonga pete za chuma zile za turubai. Pete zile ni za karne ya 19, na zinang'aa kama meno ya dhahabu. Tundu la zamani linafanywa hivi: chukua msharasi, toboa kitambaa kwa kusukuma nyuzi pembeni, usizikate, zungusha mpaka tundu lipokee penseli, kisha lizungushie uzi wa kitani mishono 20 hadi 24, ukivuta kila mmoja ukaze. Aliyekulia kwenye nyumba ambayo bibi anatunga kofia za viua hahitaji kufundishwa. Ni mkono ule ule. Kwa vile nyuzi hazikukatwa, tundu hilo linakaza kila ukivuta kamba, wakati pete ya chuma inang'oka na kipande cha nguo. Matundu 28 ya gauni yananichukua jioni mbili za kutazama tamthilia.

Kichwa na miguu vinabeba nusu ya kazi, na watu ndivyo wanavyosahau. Mtu aliyevaa kanzu safi ya karne ya 14 na raba nyeupe miguuni hajavaa kitu. Makubadhi ya ngozi yanafaa, buti ya ngozi isiyo na zipu inafaa. Kama miguu inauma, vaa viatu vyako vya daktari na urefushe pindo. Kichwani, mwanamke wa Ulaya wa wakati ule alifunga kitambaa na mwanamume alivaa kofia. Nywele wazi zinazopepea ni mambo ya sinema. Miwani yako acha usoni. Italia walikuwa nayo tangu mwisho wa karne ya 13, na hata wasingekuwa nayo, unataka kuanguka kwenye shimo la farasi?

Kanga usilete. Najua itakuuma, iliniuma na mimi. Kanga ni ya karne ya 19, na maandishi yake yalikuja baadaye zaidi. Ukisema unatoka Kilwa ya masultani huku mgongoni umeandikwa "Wema hauozi," umeleta nguo ya bibi yako kwa bibi wa bibi wa bibi yake.

Sasa Kilwa yenyewe. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyeandika safari zake, alipita Pwani mwaka 1331, akashuka Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na kwa bahati yetu mafundi alikuwa mtu wa kutazama nguo. Mogadishu alipewa mavazi, akayaorodhesha: shuka ya hariri ya kufunga kiunoni badala ya suruali, ambazo anasema wenyeji hawakuzijua, kanzu ya kitani cha Misri yenye urembo, joho la kitambaa cha Jerusalem, na kilemba cha Misri. Hiyo ni orodha ya manunuzi tayari. Mombasa aliona watu wanatembea miguu mitupu. Na Kilwa anasimulia habari ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, alivyotoka msikitini siku ya Ijumaa akasimamishwa na fakiri wa kutoka Yemen, aliyemwomba nguo zile zile alizovaa mwilini. Sultani akarudi ndani, akabadilisha, akampa zote. Fakiri akazifunga kwenye kitambaa, akajitwika, akaondoka.

Mtoto wa dada alipoisoma hiyo akasema, "Mama mdogo, mimi ndiye fakiri." Tukamshonea kanzu ya pamba iliyochakaa makusudi, tukaisugua na chai magotini, na kichwani akabeba furushi la nguo za Sultani. Ndani ya furushi mlikuwa na sweta mbili, chupa nne za maji, chaja ya simu na funguo za gari. Historia imewahi kutatua tatizo la mkoba vizuri hivyo?

Mie nafsi yangu nimechagua kuwa msokota uzi. Kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani wachimbaji waliokota vigae vingi vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Ndivyo vilivyokuwa uzito wa vijiti vya kusokotea pamba. Chako kitengeneze hivi. Nunua chungu cha maua cha udongo, kivunje ndani ya taulo, chagua kigae bapa cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maji au zaidi kidogo, kisugue kwenye sakafu ya simenti mpaka kiwe duara, kisha toboa katikati taratibu kwa ncha ya keekee ukinyunyizia maji. Kichomeke kwenye kijiti laini cha sentimita 25. Pamba iliyochambuliwa inauzwa kwenye maduka ya kazi za mikono. Nikikaa nacho juu ya marobota ya majani, ndani ya dakika tano nina watoto wanane. Hakuna hata mmoja anayeuliza kama ni sahihi kihistoria. Wanauliza kama na wao wanaweza kujaribu.

Nirudi kwenye upande wa pili, maana niliuzidisha. Mwaka wa pili, baada ya aibu ya mahameli, nilishona kila mshono kwa mkono majira yote ya baridi, hata mishono ambayo ningeiona mimi na sabuni tu. Nikaingia tamashani kama mkaguzi. Nikaona zipu (zipu ya meno tunayoijua ni ya 1913), nikasema. Nikaona viazi, nikasema. Nikamwendea mama mmoja aliyeshika paja la bata mzinga, analamba vidole kwa furaha yake, nikamweleza kwamba huyo ni ndege wa Amerika, Ulaya ya zama za kati haikumjua. Mama akanishukuru kwa adabu, akahama benchi. Mtoto wa dada akaniuliza, "Mama mdogo, umekuja kusahihisha mitihani?" Na ubaya zaidi, usiku nikakumbuka: bata mzinga alifika Uingereza katika karne ya 16, na tamasha lenyewe ni la karne ya 16. Nilikuwa nimemharibia mtu chakula kwa kosa langu mwenyewe.

Kwa hiyo ukaguzi nimeufunga ndani ya kabati langu. Usahihi ni wa nguo yako, si wa jirani. Kuna jumuiya moja iliyoanzia Berkeley mwaka 1966 ambayo wanachama wake wanaigiza maisha ya kabla ya karne ya 17, na hata wao, wenye kupenda kweli kweli, mlangoni wanataka jaribio tu la vazi la wakati huo. Jaribio! Neno zuri hilo.

Lakini kuna aina ya usahihi utakayorushiwa wewe kama jiwe, jiandae. Mzee mmoja alimwambia mtoto wa dada kwamba nguo yake nzuri, ila watu kama yeye hawakuwako Ulaya enzi hizo. Kijana akanyamaza, mie nikafungua furushi. Tangu siku hiyo natembea na picha mbili zilizochapwa kwenye karatasi ngumu. Moja ni ya John Blanke, mpiga tarumbeta mweusi wa Mfalme Henry VIII, kama alivyochorwa mwaka 1511 juu ya farasi na kilemba kichwani. Ya pili ni sanamu ya Mtakatifu Maurice iliyo katika kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, ya karibu mwaka 1240: askari Mwafrika, sura ya Mwafrika hasa, kavaa deraya ya vipete. Onyesha, tabasamu, endelea na safari yako. Usikae kubishana, tiketi umelipia.

Mengine kwa haraka. Simu ikae kwenye kifuko cha ngozi kiunoni. Ukitaka kupiga picha toa upige, hakuna atakayekufa. Mfuko wa siri ushone ndani ya taharizi ya kulia. Upanga, hata wa mbao, watakufungia na ala yake kwa kamba mlangoni, kwa hiyo usijisumbue kununua wa chuma wa kubeba kilo moja na nusu siku nzima. Chukua pesa taslimu. Maji kunywa kwa kikombe cha mbao au udongo kilichoning'inia kwenye mshipi. Hicho ni kitu kidogo chenye sura kubwa.

Chakula kula wanachouza. Usahihi wa chakula fanyia nyumbani, ni karamu nzuri ya usiku wa Jumapili. Mie nafuata sahani aliyoandaliwa Ibn Battuta kule Mogadishu: wali wa samli kwenye sinia la mbao, juu yake kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na bakuli la maziwa ya mgando la kulia na achari ya ndimu, pilipili manga, tangawizi mbichi na maembe. Utaona hakuna nyanya, hakuna viazi, hakuna pilipili kali, na ugali wa mahindi sahau, muhogo pia. Vyote hivyo vilikuwa bado ng'ambo ya Atlantiki. Wageni wangu walivumilia dakika kumi, kisha mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama kuna pilipili mbuzi kwenye friji. Zilikuwepo.

Na lugha? Waigizaji watakusemesha Kiingereza cha kale cha kubuni. Wewe jibu Kiswahili, kisha tafsiri. Mwaka jana malkia alisimama mbele yetu, nikapiga goti nikasema, "Shikamoo." Mpambe akauliza maana yake, nikamwambia ni kushika miguu. Malkia akaitazama miguu yake, akaisogeza mbele. Uwanja ukacheka. Akauliza fakiri kabeba nini. Nguo za Sultani wa Kilwa. Kazipataje? Kaziomba. Malkia akamgeukia mpambe wake kwa macho tu, na maskini wa Mungu akavua kofia yake yenye unyoya akaiweka juu ya furushi. Halafu malkia akaniinamia: na dhahabu ya Kilwa, iko wapi? Nikajibu, "Wareno wameichukua."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Ni bwana mmoja mwenye ndevu, kavaa sufu juu chini, mhesabu nyuzi kamili, yaani mtu wa usahihi mpaka kwenye uzi. Akaninong'oneza kwamba kigae changu ni cha 1331 na Wareno waliishambulia Kilwa 1505, miaka 174 baadaye. Alikuwa sahihi kabisa. Nikamwambia nimechelewa kufa. Akacheka mpaka ndevu zikatikisika, kisha akauliza kama angeweza kuona kikwapa changu, yaani mshono wake. Tukakaa kwenye robota. Akakunja mkono wake akanionyesha wa kwake: mshono wa kulaza, uzi wa kitani uliopakwa nta, mishono midogo kama chembe za mtama, yote kwa mkono. Nusu saa nzima hatukuona farasi wala mikuki. Alinifundisha kupaka nta uzi mara mbili badala ya moja, nami nikamwonyesha tundu la kofia ya viua. Hicho nacho ni cha kujiburudisha, tena bila kumsumbua mtu mwenye paja la bata mzinga mkononi.

Ukirudi nyumbani usitupe nguo kwenye mashine jioni hiyo hiyo. Ianike nje, vumbi likauke, ipige kwa mkono kama mkeka. Majani makavu yanajichomeka kwenye pindo, yatoe moja moja kwa kibanio, ukiyafua yanaacha madoa ya njano. Sufu ipumzishe tu, usiifue. Kitani kioshe kwa maji ya vuguvugu, kianike kivulini, kipige pasi kikiwa bado kina unyevu.

Kigae changu mtoto alikiangusha Septemba iliyopita kikapasuka vipande viwili. Nimeshanunua chungu kingine cha maua, dola 3.